Kwa nini nakala 60 za nota huwa nafuu kuliko 6

Walimu wa kwaya hutuuliza sisi wachapaji wa nota hili karibu kila wiki: mbona bei ya nakala moja inashuka sana oda ikiwa kubwa? Aliyeielewa hesabu hii mapema ni muuza nota wa London, Joseph Alfred Novello, aliyezaliwa 1810.

Baba yake, Vincent, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mchapishaji. Alfred, mwimbaji wa besi, alianza biashara yake Soho mwaka 1829. Siku hizo nota nyingi zilichapwa kwa mabamba: fundi aligonga kila alama kwa mkono juu ya madini laini. Vitabu vilikuwa ghali, na mwanakwaya wa kawaida hakuvimudu.

Novello akageukia herufi za risasi, yaani vipande vidogo vya madini, kila kimoja na alama yake. Kupanga ukurasa mmoja wa muziki kwa vipande hivyo vidogo ni kazi ya kuumiza macho, na ukiuza nakala chache unapata hasara. Lakini ukurasa ukishapangwa, nakala ya elfu moja inadai karatasi na wino tu. Kwa hiyo aliwafuata wanakwaya, kwa kuwa wao hununua kwa makundi. Mwaka 1846 alianza kutoa Messiah, utungaji mkubwa wa kwaya wa Handel, kwa sehemu za peni 6 kila moja.

Karatasi nayo ilitozwa kodi. Novello akawa mweka hazina wa chama kilichopigania kufutwa kwa kodi za magazeti na karatasi. Ya karatasi ilifutwa 1861. Hapo ndipo tunapompenda zaidi: muuza nota aliyebishana na serikali ili mwimbaji ashike kitabu chake mwenyewe. Alifariki Genoa, Italia, mwaka 1896.

Sisi tunapanga kwa kompyuta, ila hesabu haijabadilika. Kuandika wimbo wa sauti nne, kuweka maneno ya Kiswahili chini ya kila nota na kuukagua kwenye kinanda ni kazi ya siku nzima, iwe unataka nakala 6 au 60. Gharama hiyo tunaitoza mara moja tu. Kwaya yenu ikiwa ndogo, unganeni na kwaya jirani mwagize wimbo mmoja pamoja.

Nota ya mkono iliyochakaa tunaipokea pia. Tafadhali ileteni yenyewe, msitume picha ya simu: kwenye picha, sauti ya tatu ndiyo hufifia kwanza.