Waridi la njano

London, Juni

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi. Mama nifikishie shikamoo yangu.

Habari ya ile picha yako ya sinia la matunda imeniuma. Picha nzuri vile umeigeuzia ukutani kwa sababu mwalimu kasema embe dodo na machungwa ya Muheza hayakutani msimu mmoja, kwa hiyo umechora uongo? Leo nimekwenda National Gallery, jumba la maonyesho ya picha (kuingia ni bure), nikasimama mbele ya picha moja karibu saa nzima, nakuwaza wewe tu.

Ni ya Jan van Huysum, mchoraji Mholanzi wa Amsterdam, aliyezaliwa 1682 na kufariki 1749. Chombo cha udongo kimefurika maua mpaka mengine yananing'inia, na chini yake, juu ya marumaru, kuna matunda. Kubwa kweli, urefu wake unapita mita moja na robo. Lakini mimi nilinasa pale chini. Kuna kiota cha ndege chenye mayai, na papo hapo kuna zabibu zilizoiva, mwanga unapenya ngozi yake kama unavyopenya tone la asali. Huku Ulaya ndege hutaga baridi ikishaondoka, zabibu huiva miezi kadhaa baadaye, kiangazi kikikaribia kwisha. Mayai yale na zabibu zile hazikuwahi kulala meza moja, shoga. Na bado ukizitazama huoni uongo wowote.

Siri yake ni kungoja. Alitaka kila ua alione kwa macho yake, likiwa hai, kisha ndipo alichore. Ndiyo maana picha hii ameitia miaka miwili, 1736 na 1737. Mwaka 1742 alimwandikia mteja wake kwamba kazi yake haijakwisha kwa kuwa mwaka uliopita alikosa waridi la njano. Mtu fundi kama yule angeshindwa kulibuni? Hakutaka. Na inasemekana hakuruhusu mtu kuingia chumba chake cha kazi, hata ndugu zake, wasije wakaona anavyochanganya rangi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na mwalimu wako, nisamehe. Uongo ungekuwa kuchora embe usilolishika. Wewe lile dodo ulilipakata, ukanitumia na picha ya utomvu uliokauka kwenye kikonyo, na ule utomvu umeuchora vilevile, mweusi, umechuruzika upande mmoja. Nani mwingine angeuona?

Machungwa sasa yamejaa sokoni, sivyo? Ligeuze sinia lako, uyachore wiki hii. Asumini zilizobaki pembeni usiziharakishe, subiri mti wa mama uchanue vizuri. Nikija Desemba nitakuletea rangi. Niambie tu ni zipi zimekuishia, hasa ile njano.

Wako akupendaye,
Zuhura