Baba, nimeuona mji kwa juu

Amsterdam, Februari

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Hali yangu njema, hofu ni kwenu mlioko Tanga. Ama baada ya salamu, fedha za saruji nimeshatuma, na Mama asihangaike, nakula vizuri.

Baba, kwenye simu uliniuliza nyumba za huku zimesimama juu ya nini, maana umesikia mji wenyewe ni maji matupu. Swali lako halijanitoka. Kila siku naupita mji huu kwa baiskeli, kichwa nimekiinamisha kwa upepo, naona lami na magurudumu basi. Sasa nimeuona wote. Mwenzangu ninayeishi naye, kijana mwenye asili ya Suriname, nchi ya Amerika Kusini iliyokuwa koloni la Waholanzi, ana programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, Microsoft Flight Simulator, ile iliyotoka mwaka 2020. Dunia nzima wameiingiza humo kwa picha za setilaiti, na hali ya hewa unaweza kuletewa ile iliyopo nje saa hiyo hiyo. Jumapili dirishani kulikuwa na mawingu mazito, na kwenye skrini vivyo hivyo.

Akanikalisha, akanipa usukani, tukawa tumesimama Schiphol, uwanja wa ndege wa huku, kwenye njia ya kurukia na kindege cha Cessna. Kabla hatujaondoka akanionyesha kipimo cha kimo. Kilisoma chini ya sifuri! Uwanja uko futi 11 chini ya usawa wa bahari. Pale palikuwa ziwa, Haarlemmermeer. Walilikausha kwa mashine za mvuke, kazi ikaisha mwaka 1852. Nilishukia pale nilipokuja na masanduku yangu, wala sikujua nimesimama kwenye sakafu ya ziwa.

Tukapaa hadi futi 1,500, tukaelekea kaskazini-mashariki. Tulipolipita jengo la Rijksmuseum, mifereji ikajitokeza: Prinsengracht, Keizersgracht, Herengracht, nusu duara ndani ya nusu duara, ncha zake zikielekea kwenye maji makubwa ya IJ. Walianza kuichimba mwaka 1613. Ukiwa chini unavuka daraja hili na lile usijue umo ndani ya umbo gani. Kwa juu, Baba, unaona kwamba kamba ilipigwa kwanza ndipo jembe likafuata. Nilizunguka hapo kwa muda mrefu, ndege nimeilaza upande wa kushoto, mwenzangu ananikumbusha nisishuke sana, kwa sababu ukishuka karibu na mapaa picha zinaharibika: kuta zinapinda, madirisha yanafutika.

Katikati ya mji lipo jumba la kifalme, kwenye uwanja wa Dam. Walianza kulijenga mwaka 1648, wakati huo likiwa ukumbi wa jiji. Limesimama juu ya nguzo 13,659 za mbao zilizogongwa ardhini. Watoto wa shule wanaikariri hesabu hiyo kwa siku za mwaka, 365, ukitanguliza 1 na kumalizia 9. Na nyumba za kale za mjini ni hivyo hivyo: magogo ya misonobari yamezamishwa kupita tope, mita 11 au 12, hadi yakafika kwenye mchanga mgumu. Najua utauliza mbona hayaozi. Maji ndiyo yanayoyalinda. Mti ukizama wakati wote hewa haiufikii. Maji ya ardhini yakishuka, vichwa vya nguzo vikabaki wazi, vinaoza na nyumba inaanza kulala upande. Kwa hiyo mafundi wa huku wanaogopa ukame kama ninyi mnavyoogopa mchwa kwenye boriti.

Kisha mwenzangu akaomba usukani, akatupeleka juu ya Herengracht, akanionyesha nyumba namba 502. Leo ni makazi ya meya. Ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mtu aliyetajirika kwa biashara ya watumwa na mashamba ya Suriname. Tarehe 1 Julai 2021 meya wa jiji aliomba radhi hadharani kwa jiji kushiriki utumwa, katika bustani ya Oosterpark, na mama yake kijana huyu alikuwepo siku hiyo. Mababu zake walisafirishwa kwa fedha za mfereji ule. Tangu Jumapili hiyo nikipita pale kwa baiskeli nashuka, natembea kwa miguu.

Safari yote nimeirekodi. Mwanaidi ataipata kwenye simu, aiunganishe na televisheni ili nanyi mzunguke. Mama akiona kizunguzungu aangalie mbali, kwenye upeo.

Sasa nami nina swali, Baba. Kile kiwanja cha Pongwe, maji ya masika yanatuama upande wa mwembe. Msingi upande huo mmechimba hadi wapi? Kabla hamjamwaga zege, tafadhali nipigie picha ya mtaro ukiwa wazi, na uweke futi kamba ndani nione kina. Kama nondo hazitoshi niambie mapema, mshahara unaingia tarehe 25.

Wasalimieni majirani wote, na Bibi mbusieni mkono.

Mwanenu,
Salim