Mchezaji apewe nakala ya mkataba wake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni wakala wa wachezaji. Dirisha la usajili likikaribia kufungwa, mashabiki huhesabu majina mapya. Mimi huhofia mikataba. Kijana anaitwa ofisini usiku, jezi iko tayari, mpiga picha anasubiri, naye anafunguliwa ukurasa wa mwisho tu atie sahihi. Zile kurasa za mshahara, bonasi na kuvunja mkataba hazioni. Nakala anaahidiwa kesho, na mara nyingi haiji.

Mishahara ikisimama, wengine hutoroka kambini, na huko kutoroka ndiko kunakowaponza. Kanuni za FIFA, kifungu cha 14bis, ziko wazi: klabu ikidaiwa angalau mishahara ya miezi miwili, mchezaji huiandikia notisi isiyopungua siku 15, isipolipa deni lote, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Lakini atadai nini bila nakala?

Klabu zianze mazungumzo mapema, muda upo. Na TFF, shirikisho la soka nchini, naiomba isipitishe usajili mpaka mchezaji athibitishe kwa maandishi kwamba nakala yenye sahihi za pande zote anayo mkononi.

Wakala wa wachezaji,
Dar es Salaam