Kaptena, kuhusu dogo na hii kozi ya ambulensi

Kaptena,

Habari ya Nakuru na hiyo baridi yenu. Nimesikiza meseji yako ya sauti nikaona heri nikuandikie, juu hii maneno ya dogo haiwezi isha kwa simu. Unauliza mbona asifanye tu ile kozi fupi ya EMT, ya mhudumu wa dharura wa ngazi ya mwanzo, apate kazi haraka, badala ya kukaa chuo miaka yote hiyo akisomea ambulensi. Mzee wangu aliniuliza hivyo hivyo, ati "digrii ya kuendesha gari?" na mpaka leo watu wa kanisa wakimuuliza anawaambia kijana anasomea udaktari. Sijamkataza.

Nikuambie ukweli, wale wa kozi fupi si watu wa kudharau, wengi wao mkono wao umetulia kuliko wangu. Kuvalisha mtu kola ya shingo, kumbingirisha kwa ubao bila kusumbua mgongo, kutoa dere aliyebanwa na stelingi, hayo wanafanya wakiongea stori. Digrii inakuja kusaidia pale mambo hayaeleweki. Mtoto ameshikwa na degedege huko Ahero, je ni malaria, ni sukari imeshuka ama ni homa tu? Glukomita, kale ka kupima sukari ya damu, itakujibu moja, hizo zingine ni wewe na kichwa chako na barabara.

Na wewe ulikuwa mtu wa hesabu kwa hivyo sikiza hii. Mtungi wa oksijeni saizi E ukijaa uko na lita kama 680. Mgonjwa anapumua vibaya, umemwekea maski yenye mfuko, unampea lita 10 kwa dakika. Gawanya. Dakika 68. Sasa mmetoka Busia mnampeleka Russia, yaani hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, hiyo ni safari ya masaa mawili hivi, na Luanda siku ya soko unajua vile huwa. Mtungi mmoja utakuishia kabla ufike Maseno na uko huko nyuma ya gari na mama ya mgonjwa anakuangalia tu machoni. Ndio maana asubuhi kabla gari itoke kitu ya kwanza ni kufungua mtungi usome geji mwenyewe, hata kama mtu wa zamu ya usiku ameapa umejaa.

Mambo ya darasani ni anatomia, dawa, kusoma ule mchoro wa moyo, hayo atayapata akifika, usimtishe nayo. Lakini mwambie kuhusu magoti. Kwa chumba cha mazoezi tunapiga magoti kwa simiti, mdoli amelala hapo, kamashine kanapiga tik tik tik, unakandamiza kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, unashuka sentimita 5 mpaka 6, ukifika 30 unapuliza pumzi mbili. Ukikandamiza vizuri mdoli unalia klik. Dakika ya kwanza kila mtu ni shujaa, ya pili jasho linaingia macho na zile klik zinaanza kupotea, kwa hivyo kila dakika mbili mnabadilishana. Na hapo hapo mwalimu anakuinamia anauliza adrenalini, ile dawa ya kuamsha moyo, ya mwisho umetoa saa ngapi, juu ni miligramu 1 kila dakika 3 mpaka 5, na unafaa umjibu bila kuacha kusukuma.

Somo langu la kwanza lakini halikuwa damu, lilikuwa kukaa mbali. Kabla uguse mtu unaangalia kama pale mahali patakuua na wewe. Sisi watu wa hii barabara hatuhitaji kuelezwa sana, tunakumbuka Sachangwan 2009, lori la mafuta limeanguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya watu 100.

Kuna stori moja napenda, mpatie dogo. Kule Pittsburgh Marekani, kabla ya 1967 ukiugua ulibebwa na polisi ama na gari la kampuni ya mazishi. Kuna daktari anaitwa Peter Safar akachukua vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi hawana kazi, akawafunza vizuri kabisa, wakaitwa Freedom House, na wao ni kati ya watu wa kwanza kufanya hii kazi vile tunaifanya sahi. Mji ukafunga hiyo huduma yao 1975, usiniulize, hiyo inanikasirisha mpaka leo. Na sisi bado tunabebana na probox na Land Rover ya polisi.

Mabaya pia yako. Katiba kifungu cha 43 inasema hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura, halafu unafika mlangoni na mgonjwa unaambiwa kitanda hakuna, jaribuni mbele. Kazi si nyingi na nyingine ni kandarasi. Kama anawaza Uingereza, huko tangu 2021 wanataka digrii ndio uandikishwe, basi afanye digrii. Kama anataka kushika pesa mwaka huu, afanye EMT kwanza, arudi chuo baadaye, sioni aibu hapo.

Kwanza afanye fasteidi ya Red Cross ama St John aone kama tumbo lake litakubali. Halafu anipigie mwenyewe, si wewe umpigie, na iwe baada ya saa mbili usiku, mchana niko wadi simu iko kwa loka.

Wako,
Msumbufu wa domu