Barua ya malalamiko: Thina si thina tu

Karakana ya boti za mbao,
Kibirizi, Kigoma.

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

YAH: MAKOPO MANNE YA TAPENTAINI ILIYOCHAKACHULIWA

Ndugu Meneja,

Nawaandikia kwa sababu simu haikusaidia. Nilipopiga wiki iliyopita, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinisikiliza dakika mbili, akaniambia, "Fundi, thina ni thina, zote zinayeyusha rangi." Ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu kidogo.

Nilinunua kwenu makopo 4 ya lita 5. Lebo inasema ni tapentaini halisi ya mti, asilimia mia moja. Niliihitaji kwa kuchanganyia vanishi ya mafuta ya kupaka boti ya dagaa ya mteja wangu. Huku boti tunazipaka siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na wavuvi wanalala nyumbani. Siku hizo zikipita, umeshamharibia mtu riziki. Kwa tapentaini niliyoizoea, mkono wa kwanza napaka leo, kesho yake napiga msasa mwepesi na kuongeza wa pili. Safari hii siku ya nne ubao ulikuwa bado unanata. Vumbi la ufukweni na wadudu wa ziwani walinasa humo kama ndege kwenye ulimbo. Giza la mwezi likaingia, wavuvi wenzake mteja wangu wakashusha boti zao, yake ikabaki juu ya magogo. Kila jioni alikuwa anakuja, anaigusa kwa kidole, anaondoka bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Sasa kuhusu hilo la thina ni thina. Tapentaini inatokana na utomvu wa paini, miti ileile inayogemwa kule Mufindi. Utomvu ukikenekwa, kinachopaa na kupozwa ndicho tapentaini. Kinachobaki chini ni rozini, ile ngumu ya rangi ya asali inayotumika kwenye sabuni, karatasi na kulehemu kwa risasi. Sehemu kubwa ya tapentaini ni kemikali iitwayo pinini, yenye kaboni 10 na haidrojeni 16. Viwanda vinaithamini kuliko sisi mafundi: humo wanapata kafuri, manukato, na yale mafuta ya paini ya dawa za kuoshea choo. Kwa fundi faida yake ni mbili. Inavuta oksijeni ya hewani, ambayo ndiyo hiyohiyo vanishi ya mafuta inaihitaji ili igande. Na inachemka kati ya nyuzi 150 na 180 hivi, kwa hiyo ikishafanya kazi inaondoka yote. Mafuta ya taa yana sehemu nzito zinazochemka zaidi ya nyuzi 200. Hizo haziondoki upesi. Zinakaa ndani ya vanishi na kuilainisha.

Nilipima kabla ya kulaumu. Nilidondosha tone la yenu kwenye karatasi nyeupe, kando yake tone la akiba yangu ya zamani. La zamani lilikauka pasipo alama. La kwenu liliacha duara la mafuta, na kesho yake asubuhi lilikuwepo bado. Kisha nikaenda kwa jirani anayeuza dagaa kuomba mizani. Tulianza na lita 5 za maji, ikasoma kilo 5, tukajua mizani haina hila. Lita 5 za tapentaini zinatakiwa kufika kama kilo 4.3. Za kwenu, bila uzito wa kopo, zilisoma kilo 4.05. Ujazo ulikuwa kamili, hilo sitawasingizia. Mafuta ya taa nayo lita 5 ni kama kilo 4, kwa hiyo hesabu malizieni wenyewe. Nilidhani mambo ya uchakachuaji tuliachana nayo tangu mwaka 2011, serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe kwenye dizeli.

Kuna jambo lingine ambalo limenikera kuliko hasara. Lebo yenu imeandika "ni ya asili, haina madhara". Hakuna alama ya moto popote. Tapentaini halisi inaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 35 hivi, na banda langu ni la mabati. Saa saba mchana linafika huko bila shida. Ikikaa muda mrefu kwenye kopo lililofunguliwa inabadilika kwa hewa na kuwasha ngozi. Nina vijana wawili wanaojifunza kazi. Wao husoma lebo na kuiamini.

Naomba mnirudishie fedha za makopo yote manne, mlipe gharama ya kukwangua na kupaka upya boti hiyo, na muwaambie wateja wengine walionunua mzigo huohuo. Lebo irekebishwe. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Zikipita, nakala ya barua hii na chupa ya sampuli vitakwenda TBS, shirika la viwango, na Tume ya Ushindani.

Makopo mawili ambayo sijayafungua nimeyaweka nje kivulini, mbali na jiko la mama lishe. Mtume mtu aje kuyachukua.

Wenu,
Fundi wa boti, Kibirizi