Shukrani kwa fundi aliyelipatia sinki letu njia ya maji
Ndugu fundi, ambaye sikubahatika kulijua jina lako, pokea shukrani zangu za dhati. Nilikuwa nimekusudia kupasua sakafu ya zege ili sinki la kufulia, katika chumba kilicho chini ya ardhi, lipate njia, ilhali bomba kuu la majitaka limepita juu yake na maji hayapandi yenyewe. Ulinieleza kwa subira kwamba maji yateremkie kwanza katika tangi dogo lenye mfuniko, pampu yenye boya, kielea kinachoiwasha maji yanapopanda, iyasukume juu hadi bomba kuu, na vali iyazuie yasirudi. Bomba la kupumulia tangi, nililokuwa nimelisahau kabisa, ulilisisitiza mara tatu. Mama mkwe wangu hapandishi tena ndoo ngazini, na anakuombea dua kila jioni.