Buibui wa chini ya kiti cha plastiki: ushike ufagio au utuite?

Mteja akitupigia simu kuhusu buibui, ombi huwa lile lile: njooni mpulize dawa nyumba nzima, ndani na nje, wafe wote. Hatuikubali kazi hiyo kabla ya kujua ni buibui gani.

Buibui karibu wote wana sumu, maana ndiyo wanayoulia mawindo. Ila walio wengi sumu yao haimdhuru mtu. Yule bapa anayejibandika ukutani usiku na kuchomoka ukimkaribia, mwache. Wale wadogo warukaji wa mchana nao waache. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora ambaye hupenda hasa kuwinda mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na watafiti wamemchunguza sana pale Mbita, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa hilo. Ukipuliza dawa ovyo unawaua na wanaokusaidia.

Wa kuangaliwa kwa makini ni buibui ambaye kitaalamu huitwa Latrodectus geometricus. Ni wa kahawia au kijivu, miguu ina mapingili meusi na meupe, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa iliyobanwa katikati. Jike, bila miguu, hufika sentimita moja hivi. Utamkuta chini ya kiti cha plastiki, kwenye ukingo wa chungu cha maua unapoingiza vidole kukinyanyua, nyuma ya ndoo, kwenye kiboksi cha mita, au ndani ya viatu vilivyosahaulika barazani. Utando wake hauna mpangilio, nyuzi zimekatizana tu, lakini ukizivuta utahisi ni ngumu. Dalili ya uhakika zaidi ni mifuko ya mayai: vijiduara vyeupe au rangi ya maziwa vyenye vimiba pande zote. Ukiviona, ndiye.

Si mkali. Ukimgusa hujikunja na kujiangusha. Huuma akibanwa, ndiyo maana waumwao huwa wanahamisha vitu au wanaketi bila kutazama. Mara nyingi ni maumivu na wekundu pale alipouma, kisha hupungua. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Usichanje, usifunge kamba, na jiwe la nyoka liache. Misuli ikikakamaa, tumbo likiuma sana, jasho likitoka isivyo kawaida, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo au mjamzito, nendeni hospitali bila kusubiri.

Sasa dawa. Buibui huyu hukaa kwenye nyuzi zake, hatembei sana juu ya ukuta uliopulizwa, na hariri ya mfuko huyakinga mayai. Unaweza kulipia upulizaji leo, halafu wiki chache baadaye vitoto vikatoka. Kwa hiyo sisi huanza na tochi na ufagio wa chelewa. Tunageuza kila kiti, tunakusanya mifuko ya mayai na kuizamisha kwenye maji ya sabuni, ndipo tunapuliza kidogo kwenye nyufa na pembe zisizofagilika. Baada ya wiki tatu hivi tunarudi kutazama waliobaki. Hiyo ziara ya pili ndiyo inayomaliza kazi, na wanaoturai tuiruke ili gharama ipungue huwa tunawakatalia.

Sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe ukivaa glavu nene. Ondoa marundo ya matofali na mabati yaliyoegeshwa ukutani, kung'uta viatu, na taa ya nje isiwe juu ya mlango, maana wadudu wakifuata mwanga buibui hufuata chakula. Wale wakubwa wenye manyoya wakaao mashimoni uani wana meno marefu na huuma kwa uchungu, basi usichokonoe shimo, na watoto waambiwe hivyo.

Kabla ya kutuita, tutumie picha tatu: ya mgongo, ya utando, na ya mfuko wa mayai kama upo. Akiwa si wa kutisha tutakwambia, na hutalipa chochote.